Mtoto Anayecheza na Mtoto Anayechezeshwa

Wazazi wengi wa mji wetu wa Lubumbashi wametuuliza neno moja, wala hawakuuliza kwa mzaha: Je, inafaa kumpeleka mtoto katika yale masomo ya kucheza yanayofunguliwa siku hizi huku na huku mjini? Wengine wanaogopa kwa ajili ya dini, wengine kwa ajili ya mfuko. Mama mmoja alitueleza kwamba binti yake wa miaka 7 anasimama kila asubuhi mbele ya kioo cha kabati, anajifunza kucheka bila sababu ya kucheka, naye mama hajui kama afurahi ao ahuzunike.

Hatukutaka kujibu kwa mambo ya kusikia tu. Tulikwenda kutazama masomo ya nyumba moja siku za kazi, tukarudi siku ya sikukuu yao ya mwisho wa mwaka, watoto walipoonyesha mbele ya wazazi yale waliyojifunza. Jina la nyumba ile hatutalitaja. Nia yetu si kumharibia mtu kazi yake, tena mengi tuliyoyaona pale yanapatikana vilevile katika nyumba nyingine, na mengine yamekwisha kuingia hata katika kanisa zetu, kama tutakavyosema mbele.

Lakini kwanza tuondoe njiani maneno mawili yanayosemwa sana na watu.

Neno la kwanza: kwamba kucheza ni kazi ya shetani, na mkristu mwema anakaa mbali nako. Wazee wetu wanakumbuka misioni ambamo ngoma ilikatazwa kabisa, nzuri na mbaya pamoja, kama mtu anayetupa mboga na chungu chake. Siku hizo zimepita. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kazi ambayo maaskofu wetu, na Kardinali Malula pamoja nao, waliihangaikia miaka mingi. Katika Misa hiyo padri na watumishi wanaizunguka altare kwa kucheza wakati wa kuimba Utukufu. Baba Mtakatifu Fransisko aliisoma Misa kwa namna hiyo katika basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, na tena Kinshasa, kwenye uwanja wa ndege wa Ndolo, tarehe 1 Februari 2023, mbele ya watu waliohesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Mwenye kusema kwamba kucheza ni dhambi, aende akabishane nao.

Neno la pili linatoka kwa watu wenye elimu, na kwa hiyo ni gumu zaidi kuling'oa: kwamba Mwafrika hafundishwi kucheza, anazaliwa akijua, na masomo ya kucheza ni jambo la Wazungu. Si kweli. Katika Rwanda ya wafalme, vijana waliochaguliwa waliwekwa katika itorero, wakafundishwa kucheza, kusema kwa ufasaha na kushika silaha. Ndio walioitwa intore, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika mchezo wao katika orodha ya urithi wa watu wote. Kwa Waluba, watu wa chama cha Mbudye waliishika historia ya ufalme kwa kuimba na kucheza, mkononi wakiwa na ule ubao wa shanga uitwao lukasa, wala hakuna aliyepanda daraja katika chama kile bila kufundishwa. Na nyumbani kwetu je? Nani hakumwona bibi akimshika mjukuu mabega na kumwambia: si hivyo, sikiliza ngoma kwanza? Kufundisha tulikuwa nako tangu zamani. Linalobaki kuuliza ni namna gani ya kufundisha, na kwa kusudi gani.

Basi tuingie ndani ya nyumba ile.

Ni chumba kirefu. Kioo kikubwa kimefunika ukuta mmoja, na kwenye ukuta wa pili umefungwa mti mrefu wa kushikia. Watoto wadogo wanakuja mara mbili kwa juma baada ya shule, wakubwa mara tatu. Wanaanza na balé ya Ulaya. (Kwetu neno balé lina maana mbili, kwani hata kundi la wachezaji wa ngoma za kabila tunaliita balé. Hapa tunasema ile ya Ulaya.) Mchezo huo ulikua katika majumba ya wafalme. Louis XIV wa Ufaransa, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, aliweka chuo cha kucheza mwaka 1661, na shule ya Opera ya Paris ilianza mwaka 1713. Ndiyo sababu majina ya hatua zake ni ya Kifaransa popote duniani, Moscow ao London, na watoto wetu wanayashika upesi kuliko watoto wa Uingereza.

Tuseme wazi: sehemu hiyo ilitupendeza. Mwalimu anaijua kazi yake. Mtoto anafundishwa kuruka na kushuka kwa magoti yaliyokunjwa, ili kishindo kisipande mgongoni. Anafundishwa kungoja zamu, kusimama wima, kujua mkono wa kuume na wa kushoto bila kufikiri. Tulikuwa na hofu kwamba tutawakuta wasichana wadogo wamevalishwa vile viatu vyenye ncha ngumu vya kusimamia vidole, kwani mifupa ya mguu wa mtoto ni laini bado, na walimu wanaojua hawavitoi kabla ya miaka 11 ao 12, tena baada ya mtoto kuzoezwa kwa muda mrefu. Hatukuwakuta. Mama mmoja alikuwa akimsumbua mwalimu ampe binti yake wa miaka 8, kwa sababu ameviona katika simu; mwalimu akakataa, na alifanya vema. Mzazi atakayekutana na mwalimu anayekubali neno hilo kwa ajili ya fedha, amtoe mtoto wake siku ileile.

Lakini masomo ya siku za kazi ni jambo moja, sikukuu ni jambo lingine. Jioni ile watoto walionyesha michezo mitatu.

Wa kwanza ulikuwa mchezo wa theluji, umetolewa katika ile balé ya Tchaikovsky iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Petersburg mwaka 1892, ambayo tangu mwanzo ilichezwa na watoto wa shule pamoja na watu wazima. Wasichana 20, wote wamevaa nyeupe. Watu fulani karibu nasi walicheka: watoto wa Katanga wanajua nini habari ya theluji? Kicheko hicho hatukukikubali. Nasi kila Noeli tunatandika pamba juu ya pango la Yesu Mtoto, wala hakuna anayecheka. Mtoto anaweza kucheza theluji, ao simba, ao mvua ya mawe, ikiwa amepewa nafasi ya kuifikiri. Ubaya ulikuwa mahali pengine. Macho ya wasichana wote 20 yalikuwa yamegeuka upande wa kushoto, kule nyuma ya pazia, ambako mwalimu alikuwa akiwaonyesha hatua kwa mikono. Hawakuonana wao kwa wao. Wawili waligongana, kila mmoja akashtuka kama mtu aliyejigonga mlangoni gizani. Miezi yote walikuwa wamejitazama katika kioo, na sasa kioo hakipo. Wakamtafuta mwalimu awe kioo chao.

Mchezo wa pili ulikuwa wa nyimbo za dansi za Kinshasa, zikitoka katika mashine. Hapa tutasema kidogo, kwa sababu kila mzazi aliyekuwako aliona, na wengi walitazama chini. Kuwafundisha watoto wa miaka 8 na 9 kuzungusha kiuno na kukonyeza jicho kama wanavyofanya wachezaji wa bendi usiku katika baa, ni kuwavisha nguo ya mtu mwingine. Watoto hawana kosa. Hawakujua maana ya yale waliyoyafanya, na hilo ndilo linalouma. Tena wakati huo ndipo simu nyingi zaidi zilipoinuliwa kupiga picha. Picha zile leo ziko mikononi mwa watu ambao hawamjui mtoto wala mama yake.

Wa tatu ulikuwa mfupi, dakika 5 ao 6, nao uliwekwa mwisho kabisa, watu wakianza kukusanya vitu vyao ili waende. Aliingia mpiga ngoma na ngoma mbili, akaketi kando. Wavulana na wasichana wakaja kwa mstari, wadogo na wakubwa wamechanganyika. Ni mchezo wa mavuno, alisema mwalimu. Mvulana mmoja mdogo alikosa hatua mwanzoni. Mpiga ngoma akamwona, akarudia pigo lilelile mara mbili, mtoto akaingia, na dada mmoja mkubwa akamsogezea nafasi bila kugeuka. Mashine haina macho: mtoto akichelewa, wimbo unakwenda zake, naye anabaki na aibu yake. Mpiga ngoma anautazama mguu wa mchezaji, na mguu unaisikia ngoma. Ni mazungumzo ya watu wawili. Kwa dakika zile chache hakuna mtoto aliyetazama nyuma ya pazia, wala aliyetafuta simu ya baba yake. Walitazamana. Kicheko kilichowatoka hakikufundishwa na mtu. Tukasema moyoni: hapa watoto wanacheza. Kabla ya hapa walikuwa wakichezeshwa.

Kati ya kucheza na kuchezeshwa lugha yetu imeweka herufi chache tu, lakini katika maisha ya mtoto nafasi iliyopo ni kubwa. Wala kuchezeshwa si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1958, kwenye Maonyesho makubwa ya Bruxelles, Wabelgiji walijenga kijiji cha Kongo, wakawaweka watu wetu nyuma ya ua, wafanye kazi zao za mikono huku wageni wakipita na kuwatazama. Wageni wengine waliwatupia ndizi. Watu wale walichoshwa na matusi, wakarudi kwao kabla Maonyesho hayajafungwa. Halafu ikaja miaka ya 1970. Rais Mobutu, baada ya kuona mambo ya China na Korea ya Kaskazini, alitaka shule na kazi zote ziwe na makundi ya kucheza na kuimba kwa ajili ya siasa, ile iliyoitwa animasio. Watoto walitolewa darasani, wakasimamishwa juani saa nyingi, wakacheza sifa za mtu mmoja na chama chake. Walicheza vizuri, hakuna anayekataa. Hatua zililingana kama za askari. Wengi wa baba na mama wanaosoma ukurasa huu walikuwa ndani ya mistari ile. Waulizeni kama wanakumbuka furaha ao kiu.

Hatusemi kwamba mwalimu wa masomo ya kucheza ni sawa na chama cha zamani. Tunasema kwamba mtoto aliyezoezwa kutafuta jicho la mtu mkubwa ili ajue kama amefanya vema, anaweza kuchukuliwa na kila jicho.

Lakini kuna mfano mwingine wa miaka ileile, nao si wa mbali. Huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliunda mwaka 1954 kundi lililoitwa Troubadours du Roi Baudouin: wavulana karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wao wapata 15. Wao ndio walioimba Missa Luba, mara ya kwanza kwa ibada pale Kamina mwezi wa Machi 1958, kisha wakazunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani wakiimba na kucheza. Tazameni, ni mwaka uleule wa kile kijiji cha Bruxelles! Nao pia walitazamwa na Wazungu, wakiwa juu ya jukwaa, na jina la kundi lao lilikuwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Kwa nini basi watoto wale hatuwaoni kama watu waliochezeshwa?

Jibu letu ni hili. Nyimbo zile hazikutoka katika karatasi. Waimbaji walijua umbo la wimbo, mahali pa kuingia na mahali pa kupumua, na katikati waliachiwa nafasi ya kutia neno lao wenyewe. Noti ziliandikwa baadaye. Wimbo wa Hosanna umesimama juu ya mdundo wa ngoma ya Kasai, nao mtoto wa Kasai hakuhitaji kuambiwa ahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nyimbo nyingine walizoziimba zilikuwa za arusi, za kazi, za kutoka katika matanga, kila moja na siku yake. Mtoto alijua anacheza nini, na kwa ajili ya nani. (Tuna neno moja la kulaumu hapa. Diski ilipouzwa duniani, jina la Padri lilionekana kuliko majina ya wengine, hata jina la mwalimu Joachim Ngoi ambaye sauti yake inaongoza wimbo. Watoto ndio hatutajiwi kabisa.)

Sasa tufike kanisani, kwani tuliahidi.

Katika parokia zetu nyingi kuna kundi la watoto, hasa wasichana, wanaocheza karibu na altare siku za Dominika na sikukuu. Ni zawadi kubwa, na wageni wanaotoka nchi nyingine wanatuonea wivu. Lakini tangu masomo ya mjini yalipoanza, tunaona mambo ya kule yakivuka mlango wa kanisa. Anayewazoeza watoto wa parokia mara nyingi ni kijana aliyefundishwa mjini, naye anatoa alichopewa. Wanachaguliwa walio wazuri wa sura na wenye urefu sawa. Kila sikukuu inatakiwa nguo mpya, na mtoto ambaye mama yake anauza ndagala sokoni anaambiwa angoje sikukuu nyingine. Sikukuu ile nyingine haiji. Wakati wa kupeleka vipaji, tunawaona watoto wakitazama pembeni, kule aliko kijana yule akiwapigia vidole, nasi tunajua mara moja tumekwisha kuyaona macho hayo wapi.

Mwaka 1975 ofisi ya Roma inayoangalia ibada ilitoa katika gazeti lake, Notitiae, maelezo juu ya kucheza katika liturujia. Wengi wanayataja kwa kukataza tu, lakini yanasema mambo mawili. Penye watu ambao kwao kucheza ni kusali kwa mwili, kucheza kunaweza kuingia katika ibada. Lakini mchezo wa ufundi, kama balé, haufai kuingizwa, kwa sababu unawageuza waamini kuwa watazamaji, na Misa ni kazi ambayo wote wanashiriki. Sisi Wakongomani tulifurahia sehemu ya kwanza, tukadhani ya pili ni ya Wazungu peke yao. Hapana. Siku ambayo waamini wanakaa kimya na kuinua simu ili watoto wacheze, hata kama hatua ni za Kiluba, hata kama ngoma ni ya ngozi, tumekwisha kuwa na balé kanisani. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote, na watu wote walikuwa njiani pamoja naye wakipiga kelele za furaha. Aliyekaa dirishani akitazama ni Mikali peke yake, na tunajua Kitabu kinasema nini juu ya moyo wake.

Wengine wamekwisha kutuambia: basi waondoeni watoto altareni. Hilo hatulitaki hata kidogo. Tunataka mtoto wa muuza ndagala aingie mstarini na nguo yake ya shule ikiwa imefuliwa, wimbo uwe ule ambao kanisa zima linaujua ili watu waweze kuyumba pamoja na watoto, na kijana anayewazoeza akae katikati yao ao asionekane kabisa.

Kwa wazazi waliotuuliza, tunajibu hivi: mpelekeni mtoto, mkiweza. Lakini msichague nyumba kwa kutazama sikukuu yake ya mwisho wa mwaka, wala picha zilizobandikwa mlangoni. Nendeni siku ya kazi, bila kuaga, mketi nyuma. Tazameni kama watoto wanatazamana. Sikilizeni kama mwalimu anamwuliza mtoto neno lolote, ao kama anahesabu tu. Angalieni mtoto anayekosa hatua, anafanyiwa nini. Na kama mnasikia zile nyimbo za baa kwa watoto wadogo, semeni na mwalimu kwa heshima. Yule wetu, tulipomwambia, hakukasirika, alisema wazazi wenyewe ndio waliozitaka.

Tulimwuliza pia kwa nini ule mchezo wa mavuno, ambao ulikuwa mzuri kuliko yote, aliupa dakika 5 tu. Alijibu kwamba mpiga ngoma anataka malipo kila mara anapokuja, na mashine hailipwi. Tukachukua kalamu pale pale, tukaandika malipo ya mpiga ngoma kwa miezi yote ya masomo, tukayagawanya kwa hesabu ya watoto. Kwa kila mtoto yalitoka madogo kuliko bei ya nguo moja ya theluji.